Karatasi Iliyoolewa Binza

Nyumbani kwetu zawadi za Krismasi hazikuchanwa. Zilifunguliwa. Mama alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba cha mbele, mkononi ana kipande cha wembe alichotumia kufumulia mishono, na kila mmoja wetu alimpelekea kifurushi chake kama mgonjwa anayepeleka kidonda kwa daktari. Alikata uzi, akakunjua pembe moja, akakunjua ya pili, akatoa kilichokuwa ndani na kukupa bila kukitazama. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Mdogo wangu wa kike aliwahi kulia kwa kuchoka kusubiri zamu yake, na bibi akamwambia anyamaze, hata ng'ombe hakamuliwi kwa haraka.

Karatasi zenyewe zilitoka misheni. Tulikaa Bariadi, jirani na kiwanda cha kuchambulia pamba ambako baba alikuwa fundi wa mitambo, na mama alikuwa na cherehani ya mkono aliyoshonea mashuka ya zahanati ya misheni. Pale zahanati palikuwa na sista mmoja muuguzi, mzungu mrefu aliyejifunza Kisukuma kabla ya Kiswahili, kiasi kwamba wagonjwa wa kutoka vijijini walimwelewa kuliko walivyomwelewa karani wa dawa. Mwaka alioitwa kurudi kwao ilikuwa karibu na Krismasi, akatuletea boksi lenye zawadi ya kila mtu wa nyumba yetu. Nilikuwa sijaanza shule. Nakumbuka baba alipata taulo, na mimi nilipata kioo kidogo chenye mpini. Cha mama sikikumbuki, na yeye mwenyewe alipoulizwa baadaye hakukikumbuka. Alikumbuka karatasi.

Ilikuwepo moja kubwa, nyekundu iliyoiva, yenye majani ya kijani na kengele za rangi ya dhahabu, ambayo ilikuwa imefunika boksi zima. Halafu zilikuwepo ndogo ndogo, za buluu na za mistari, zilizofunga kila zawadi peke yake. Na kila zawadi ilikuwa na kikadi kilichotobolewa tundu, kimefungwa kwa uzi mwembamba, chenye picha upande mmoja na maandishi upande wa pili. Kikadi cha baba kilikuwa na kengele, cha kaka mshumaa, changu nyota, cha mdogo wangu ndege mwenye kifua chekundu. Cha mama kilikuwa na nyumba iliyofunikwa theluji. Theluji hatukuijua. Bibi alikitazama kikadi kile muda mrefu, akasema watu hawa ni matajiri kweli, wanaanika pamba mpaka juu ya paa.

Bibi alikuwa mama yake baba. Alikuja kwetu kutoka Sola wakati watu walipohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, kwa sababu nyumba aliyopangiwa ilikuwa kwenye mstari, mlango ukitazama mgongo wa nyumba ya mtu mwingine, na hakuona mahali pa kukaa na wazee wake waliokwisha kufa. Aliona heri aje kwa mwanawe. Hakubatizwa na hakuna aliyemsumbua kwa hilo. Kikadi chake yeye kilikuwa na mnyama mwenye pembe zenye matawi, anavuta gari lisilo na magurudumu. Bibi aliamua ni ng'ombe wa kizungu. Aliuliza anatoa maziwa kiasi gani. Baba alisema hajui. Bibi akasema kwa pembe zile asingekubali kumkamua hata kama angetoa ndoo mbili.

Maandishi ya nyuma sista aliyaandika kwa penseli: Baba, Mama, Bibi, na sisi watoto majina yetu. Mama aliliona jambo hilo siku ileile. Alisema, "Kama angetaka yasifutwe, angeandika kwa wino." Na kwa hoja hiyo akaanza kazi ya kufuta na kutunza ambayo aliifanya kila mwaka mpaka nikawa mtu mzima.

Utepe wa gundi uliobaki kwenye karatasi aliubandua kwa mvuke wa birika. Akazinyoosha karatasi kwa pasi ya mkaa, isiyo moto sana, huku amezifunika kwa kitambaa chepesi, maana dhahabu ya kengele ilipenda kuhamia kwenye pasi. Mwaka mmoja cheche iliruka ikatoboa ile kubwa, tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Alikata nyota kutoka kwenye karatasi ya mistari iliyokuwa imechoka, akaibandika kwa uji mzito wa muhogo, ikawa kama imewekwa pale makusudi na kiwanda. Karatasi kubwa hakuikunja kamwe. Aliizungusha kwenye bomba la karatasi ngumu lililotoka katikati ya jora la kitambaa, akalifunga kwa pindo la shuka, akaliweka ndani ya sanduku la bati juu ya nguo zake za kanisani, na majani ya mwarobaini pembeni kwa ajili ya wadudu. Vikadi vilikaa kwenye kopo la poda.

Basi kila Krismasi tulipata karatasi zilezile, na ndani yake mambo tofauti. Miaka ya mwanzo palikuwa na madaftari, kalamu za rangi, soksi. Baadaye, baada ya vita na Uganda, maduka yalipokuwa na rafu tupu na watu wakipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya sukari iliyosemekana inakuja, zawadi nazo zilibadilika. Nilifungua karatasi yenye nyota nikakuta kipande cha sabuni ya kufulia, kimekatwa kwa uzi vizuri kama keki. Kaka alipata kaptura iliyotokana na suruali ya baba. Bibi kila mwaka alipata ugoro, na kila mwaka alishangaa. Alimega kidogo, akautupa nje mlangoni kwa wazee wake, kisha akavuta wa kwake, akapiga chafya na kusema, "Wabeja," yaani ahsante, sijui akimwambia mama, au Yesu, au hao wa nje.

Nikitazama nyuma naona tulipokea umaskini uliofungwa vizuri sana, na kwa sababu ya kufungwa vile hatukuuona.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mke wa mwenye duka. Sote tulimwita Mama wa Dukani. Yeye na mumewe walikuwa Waislamu, mume kwao Kondoa, yeye kwao Tabora, na Kisukuma alikizungumza kwa lafudhi iliyomfanya bibi acheke kila asubuhi wakisalimiana. "Mwangaluka, mayu," alisema Mama wa Dukani, akimwamkia bibi kama mama yake, na bibi alimjibu kisha akalirudia neno lile polepole, kumfundisha, kila siku, bila mafanikio. Mwezi wa Ramadhani mama alimshonea nguo za Idd za watoto. Krismasi ilipofika mwenye duka alikuja kutuchinjia kuku, ili chakula kikipakuliwa nyumba zote mbili ziweze kula bila mtu kujiuliza kama nyama ni halali.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Msimu wa pamba ulipokwisha, Mama wa Dukani alipata habari kwamba binti wa kaka yake, aliyelelewa Tabora, anaolewa Binza, pale Maswa. Mwenye duka alikuwa ameificha chupa moja ya chai, ya Kichina, yenye maua, siku zile ambazo chupa ya chai ilizungumzwa kama ng'ombe. Wakaamua ndiyo iwe zawadi ya shangazi kwa bibi harusi. Ila chupa haikuwa na boksi. Mama wa Dukani alikuja kwetu akakaa kwenye mkeka, akasifu hewa, akasifu mchicha wetu, akauliza habari za cherehani. Hatimaye akasema hawezi kwenda mbele ya watu wa Binza ameshika chupa mkononi kama mtu anayekwenda kununua mafuta ya taa.

Mama alielewa. Karatasi ile hakuwahi kumwazima mtu. Alikwenda chumbani, akakaa huko kidogo, akarudi na bomba lake. Alimfungia chupa ile mwenyewe, kwa uzi, akafanya pembe zake zilale kama za shuka la hospitali. Akamwomba jambo moja, kwamba Mama wa Dukani asimame karibu na bibi harusi wakati wa kufungua, na karatasi irudi.

"Itarudi," alisema Mama wa Dukani. "Nitaivua mimi mwenyewe."

Alipotoka harusini hakuja kwetu. Hilo pekee lilikuwa habari, kwa sababu Mama wa Dukani hakuweza kukaa na harusi kifuani zaidi ya nusu siku. Tulimwona akipita nyuma ya nyumba kwenda kisimani, njia ya mzunguko. Alituma sahani ya visheti kupitia mwanawe. Halafu akatuma bakuli la tambi. Mama alivipokea, akaosha vyombo, akavirudisha na karanga ndani, maana kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Siku iliyofuata Mama wa Dukani alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

Alisema zawadi hazikufunguliwa mbele ya watu. Zilichukuliwa zote na ndugu wa bwana harusi, zikapakiwa kwenye baiskeli, zikaenda. Yeye alibaki upande wa wanawake akitazama kengele za dhahabu zikipotea kwenye kona. Alifikiria kukimbia. "Ningekimbia, dada yangu," alisema, "lakini ningesema nini? Shangazi mtu anakimbiza karatasi?"

Mama alimwambia avue viatu aingie, chai ipo. Walikunywa chai. Alipoondoka mama alikaa kwenye cherehani na hakushona. Baba aliporudi kazini alimwambia karatasi ni karatasi. Mama alizungusha gurudumu la cherehani tupu, na baba, aliyekuwa mtu wa amani, akatoka kwenda kutazama kama mbuzi wamefungwa.

Ilipokaribia Desemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunyesha na watu wakipanda, mama alisema atakwenda Binza. Alikuwa ameshona foronya mbili nyeupe zenye maua ya uzi pembeni, na kwa kuwa hakuweza kufika harusini, alisema, si vibaya kumpelekea bibi harusi zawadi ya mkono wake. Baba aliomba nafasi kwa dereva wa lori lililokuwa likipeleka marobota ya mwisho ya pamba. Mimi nilichukuliwa kwa sababu, kama mama alivyosema, njiani kuna upepo na karatasi inataka watu wawili. Katika kikapu, chini ya foronya, niliona amelaza lile bomba tupu.

Tulikaa mbele na dereva. Njia nzima mama alifanya mazoezi ya maneno. Hakuyasema kwa sauti lakini midomo ilitembea. Karibu na Maswa aliniuliza kama nadhani ni aibu kumwomba mtu kitu ambacho ni chako. Nilisema si aibu. Akasema, "Kwa mtoto si aibu," akatazama dirishani.

Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya vibanda vya mafundi, vyumba vitatu vimepangana, na cha mwisho ndicho cha maharusi. Mume alikuwa fundi baiskeli na wakati ule hakuwepo. Bibi harusi alitoka mlangoni akijifunga kanga upya. Nilitegemea mwanamke, nikaona msichana, mwembamba, aliyenizidi miaka michache tu, na macho ya mtu ambaye hajaongea na mtu tangu asubuhi. Mama alipojitambulisha kuwa ni jirani wa shangazi yake, msichana yule alimshika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika ndani.

Kilikuwa chumba kidogo cha tofali mbichi. Kitanda, sufuria zimepangwa chini, kigoda, na juu ya kigoda chupa ya chai ya Kichina imevishwa kitambaa. Na ukutani, juu ya kitanda, nyekundu kama moto, ilikuwepo karatasi yetu.

Ilikuwa imenyooshwa yote. Sikuwahi kuiona hivyo. Kwetu niliiona imezungushwa kwenye bomba au imefunga kitu. Sikuwahi kujua kwamba kengele zile zilipangwa kwa mshazari, moja ikiitazama nyingine. Chumba kizima kilipata rangi kutoka kwake. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na kikapu mkononi, na midomo yake haikutembea tena.

Bibi harusi aliona tunapotazama, akacheka kwa aibu. Alisema watu wa vyumba vile vingine wanakuja kuiangalia, hata mama mkwe, ambaye hasifu kitu, alikaa kitandani akaitazama mpaka uji ukapoa. Kisha akapanda kitandani kwa magoti ili atuonyeshe jinsi alivyoitundika. Hakutumia misumari, alisema, kwa kuwa misumari ingeacha kutu. Hakupaka gundi ya unga, kwa kuwa panya wangeila. Alikwenda njia ya mbugani akachuma miiba myeupe ya mgunga, mirefu, akaipitisha pembeni kabisa, mahali ambapo hapana picha.

Mama aliweka kikapu chini. Alisogea karibu, akagusa mwiba mmoja kwa kidole, akauliza nani alimfundisha. Msichana alisema hakuna. Alifikiri tu.

"Nilipoletwa hapa," alisema, "ukuta ulikuwa udongo mtupu. Watu wanaongea Kisukuma, mimi sisikii. Mume wangu ni mtu mzuri lakini anaondoka asubuhi. Nikasema, sawa, sina kitu kingine, lakini nina ukuta."

Halafu akaonyesha kidole karibu na kona. Alisema pale kuna kiraka cha nyota, na aliyekiweka, sijui nani huko kiwandani, alikuwa na mkono mzuri, kwa sababu yeye alikaa na karatasi siku nyingi kabla ya kukigundua.

Mimi nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, labda ningesema tu "Ni mama." Mama alinitazama mara moja, akachukua kikombe cha uji tulichokuwa tumewekewa, akakiweka mikononi mwangu, akasema nikinywe kabla hakijapoa. Nilikunywa.

Kisha yeye akatoa foronya. Msichana alizipokea kwa mikono miwili, akazilaza kitandani chini ya karatasi, akarudi nyuma kuzitazama, na hapo ndipo alipolia, si kwa sauti, akijifuta kwa ncha ya kanga na kusema ni vumbi. Mama alikaa naye kitandani. Walizungumza muda mrefu. Mama alimfundisha salamu za asubuhi na za jioni kwa Kisukuma, na kumwambia kwamba hata shangazi yake bado anazikosea. Alimwambia mama mkwe anayetazama karatasi mpaka uji unapoa si mtu mbaya. Alipoona jua limeanza kuingia kwa dirisha, alisema rangi nyekundu haipatani na jua, atafute kipande cha kitambaa cha kuziba alasiri.

Tulipokuwa tunaaga, mama aliinama kwenye kikapu akatoa lile bomba.

"Siku ukitaka kuishusha," alisema, "usiikunje. Izungushe hapa."

Msichana alilipokea bomba akaligeuza geuza. Nadhani aliona ajabu kwamba mgeni amesafiri kutoka Bariadi na bomba tupu, lakini alilelewa vizuri, hakuuliza.

Lori la kurudi lilikuwa la mapipa ya dizeli na mvua ilitukuta kabla ya nusu ya njia. Udongo mweusi wa mbuga ukishalowa hauchagui gari. Tulikwama, wanaume wakashuka kusukuma, sisi tukashuka kupunguza uzito, tukasimama chini ya turubai lililoshikwa na mama mmoja aliyekuwa akirudi Mwandoya na kuku wake. Pale kwenye tope, viatu mkononi, mama yangu alianza kucheka. Alicheka peke yake kwanza, kidogo, halafu akashindwa kujizuia, akanishika bega, na mimi nikacheka kwa sababu yake, na mwenye kuku naye akacheka bila kujua kitu.

Tulifika nyumbani magharibi. Baba alikuwa amekaa nje na bibi. Alitutazama miguu, akatazama kikapu, akauliza karatasi iko wapi.

Mama alisema, "Imeolewa Binza."

Baba hakuelewa mara moja. Bibi, aliyetafsiriwa maneno hayo kwa Kisukuma, alielewa kabla yake. Aliuliza kama imepata nyumba nzuri. Mama alisema nyumba ni ndogo lakini inatunzwa. "Basi," alisema bibi, "ng'wanone, mwanangu, anayeoza binti hadai arudi." Na habari ile ikawa imekwisha, ingawa baba aliendelea kwa miaka kuuliza mahari yake ilikuwa ng'ombe wangapi.

Ila Krismasi ilikuwa bado inakuja, na zile karatasi ndogo zilikuwa zimechakaa kiasi cha kutofunga kitu kikubwa kuliko kalamu. Siku moja kabla ya sikukuu Mama wa Dukani alikuja. Mama alikuwa amemweleza ya Binza, yote, na tangu hapo alikuwa amerudi kupita mbele ya nyumba. Alikuwa ameshika doti ya kanga mpya, kijani na manjano, ambayo hata yeye mke wa duka aliipata kwa zamu na kwa jina la kaya. Akaikunjua kwenye mkeka.

"Hii haichaniki," alisema. "Lakini irudi."

Walitazamana, wakacheka wote wawili.

Mama alizipanga zawadi zetu kwenye mkeka, kila moja mahali pake, akazitandazia kanga moja juu, ikawa kama vilima vidogo vya udongo. Akatoa vikadi kwenye kopo, akafuta maandishi ya mwaka jana kwa kifutio kilichokuwa kimebaki kama kucha, akaandika upya, na kukishonea kila kimoja juu ya kilima chake kwa uzi mmoja tu, sindano nyembamba, asiache tundu. Kanga ile ilikuwa na maneno ya mafumbo kuhusu majirani wenye midomo mirefu, na maneno hayo yaliangukia sawasawa juu ya zawadi ya bibi. Baba alimsomea. Bibi alisema hayamhusu, akawasomee nyumba ya pili.

Asubuhi ya Krismasi, baada ya kanisa, tulipiga magoti kuzunguka mkeka na kuingiza mikono chini ya kanga, kila mmoja kwa kikadi chake, bila kuona, tukipapasa. Hapakuwa na wembe wala kusubiri zamu. Mdogo wangu alivuta zawadi ya kaka, kaka akashika mguu wa baba, na bibi, aliyekuwa amepata ugoro wake kwa kunusa tu, aliendelea kupapasa hivyohivyo kwa raha yake. Mwenye duka alikuja kuchinja kuku akatukuta tumelala matumbo chini, akasimama mlangoni na kisu chake akingoja tumalize. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mitupu mapajani. Kwa mara ya kwanza niliona anatutazama sisi.

Kanga ilirudi kesho yake, imefuliwa na kupigwa pasi, na sahani ya pilau juu yake. Miaka iliyofuata tulitumia karatasi za mifuko ya saruji, baba akizikung'uta nje na mama akizipaka bluu ya kufulia, na hazikuwa mbaya.

Bibi harusi wa Binza alikuja Bariadi msimu mwingine wa pamba, na mumewe, kumwona shangazi yake. Tumbo lilikuwa limeshaonekana. Alifika kwetu na jogoo mkononi, akamwamkia bibi, "Mwangaluka, mayu," kwa lafudhi safi kabisa, na bibi akamgeukia Mama wa Dukani akamtazama. Tulikaa wote kwenye mkeka. Msichana alieleza kwamba karatasi bado ipo. Ameihamishia ukuta wa pili, ambao jua haliufikii, na mama mkwe ndiye aliyeshikilia upande mmoja ili isikunjamane. Alisema mtoto akizaliwa ndicho kitu cha kwanza atakachokiona.

Mama wa Dukani alivuta pumzi. Nilimwona anataka kusema, ile karatasi, mwanangu, unajua ilikotoka? Mama alinyoosha mguu wake chini ya upindo wa kanga na kuukanyaga wa jirani yake, polepole, ukakaa pale. Mama wa Dukani alitoa pumzi, akauliza kama kuna sukari zaidi.

Mama alimpima msichana mabega na kumwahidi nguo za mtoto. Jioni tukawasindikiza hadi barabarani. Mume alibeba karanga tulizowapa, akaenda mbele kutafuta lori. Msichana na mama walitembea nyuma, wakizungumza mambo ya uzazi ambayo sikutakiwa kuyasikia. Lori lilikuja likiwa limejaa, wakamwachia msichana nafasi ya mbele. Mama alimfungia mlango, akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika, akamwambia dereva aende taratibu.